Fundi wa umeme wa magari, Muyeye, Malindi: betri ililaumiwa mara mbili, kosa likapatikana kwenye redio

Kwa miezi saba gari langu lilikuwa na tabia ambayo hakuna fundi aliyeweza kunieleza chanzo chake. Nilipokuwa nikilitumia kila siku hapa Malindi, kutoka nyumbani kwenda sokoni na wakati mwingine hadi Gede na Watamu kuwapelekea wateja mizigo yao, liliwaka kila asubuhi bila kusita. Lakini kila nilipoliacha Mokowe, kwenye gati la bara, nikapanda boti kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, kuchukua kofia kwa washonaji wangu, nikikaa huko siku nne, nilirudi nikalikuta limekufa: taa za dashibodi haziwaki, king'ora hakiitikii, na nikigeuza ufunguo sisikii hata ule mlio wa tak-tak wa stata inayojaribu ikashindwa. Gari lenyewe ni Toyota Fielder la gia otomatiki, ambalo haliwashwi kwa kusukumwa, kwa hiyo vijana wa gatini waliojitolea kulisukuma nililazimika kuwashukuru na kuwazuia, kisha nikaanza kumtafuta mwenye pikapu na nyaya za kujampu.

Kwa wasioijua safari hiyo, kutoka Malindi hadi Mokowe ni takriban kilomita 220 kupitia Garsen na Witu, na kwa kuwa kisiwani Lamu watu huenda kwa miguu, kwa punda na kwa boti, gari la msafiri hubaki bara. Betri ikikuishia mbele ya nyumba yako unaweza kumwita jirani. Ikikuishia Mokowe jua la saa sita likiwa kichwani, na mizigo imekwisha kushushwa botini, unajifunza haraka kwamba jambo hili linahitaji kuchunguzwa na mtu anayelijua.

Kabla ya kufika kwa fundi ninayemweleza hapa nilipita kwa watu wawili, na sitawataja. Wa kwanza alikuwa muuza betri mjini. Aliitazama betri yangu ya zamani, akagonga kifuniko chake kwa kidole, akasema imezeeka, nami nikanunua mpya. Safari iliyofuata ya Amu, betri hiyo mpya nayo ikalala. Wa pili alikuwa fundi wa gereji, ambaye bila kuweka mita mahali popote alitangaza kwamba altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji, akaifungua, akabadilisha brashi zake, nikalipa shilingi 4,500. Safari iliyofuata, gari likafa tena. Niliporudi dukani na betri yangu niliambiwa kwamba dhamana haihusu betri iliyoachwa ikaisha moto kabisa, na nikanunua ya tatu kwa kuwa nilihitaji kusafiri juma lile lile. Ninayataja haya kwa sababu hasara yangu haikutoka kwenye ugumu wa tatizo. Ilitoka kwa watu waliotoa hukumu bila kupima, na mwenye gari asiyejua la kuuliza hana namna ya kuwapinga.

Dereva wa tuktuk ambaye ni jirani yangu ndiye aliyenipa nambari ya mzee huyu wa Muyeye. Karakana yake ni uwanja ulio chini ya mwembe, na kando yake chumba kimoja cha mabati kinachohifadhi vifaa. Nilimpigia simu kabla ya kwenda, na mazungumzo yale ya dakika mbili yalinipa matumaini kuliko yote niliyokuwa nimesikia kwa miezi saba.

“Mwanangu, likilala usiku mmoja linawaka?”

“Linawaka vizuri, mzee.”

“Na likilala siku mbili?”

“Linawaka, lakini kwa kusuasua.”

“Na siku nne?”

“Halitikisiki.”

“Basi huenda betri yako ni nzima ila kuna kitu kinainyonya. Lilete jioni, lilale hapa, kesho tutajua.”

Nililipeleka baada ya alasiri. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuweka mita kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inaunguruma, na mita ikaonyesha volti 14.2. Akaniambia niwashe taa kubwa, feni ya ndani na kifuta kioo, na mita ikashuka hadi 13.9 ikakaa hapo. Akaeleza kwamba altaneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, na kwamba ingekuwa mbovu tungeona mita ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka. Kipimo hicho kilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuyasimulia, na kilitosha kuonyesha kwamba zile shilingi 4,500 sikuwa na sababu ya kuzitoa.

Kisha akazima injini, akawasha taa kubwa kwa dakika mbili na kuzizima, akalegeza kwa spana namba kumi waya wa hasi, ule mweusi, akauondoa na kuuweka mbali na kichwa cha betri. Nilimuuliza kwa nini taa kwanza. Akasema kwamba betri iliyotoka kuchajiwa huwa na chaji ya juu juu inayodanganya mita. Inaweza kusoma karibu volti 13 na bado ikawa dhaifu, kwa hiyo huondolewa kwa kuitumia kidogo, kisha betri huachwa itulie. Kuhusu waya wa hasi kuanza kutolewa, sababu ni ya usalama: mwili wote wa gari umeunganishwa na hasi, na spana ikigusa chuma cha boneti huku inafungua kichwa cha chanya hutokea shoti kali. Aliniomba pia nivue bangili zangu kabla ya kusogea karibu, na alilisema hilo kwa upole lakini bila kunipa nafasi ya kubishana.

Kuilaza betri ikiwa imetenganishwa na gari ndicho kipimo ambacho sikuwahi kukisikia kwa yeyote, na baada ya kukielewa naona ndicho kilichogawa tatizo langu katikati. Betri ikipoteza moto usiku ilhali haijaunganishwa na kitu chochote, ubovu uko ndani yake. Ikiamka na moto wake ilhali ndani ya gari huwa unapotea, basi kuna kitu garini kinachovuta. Asubuhi mita ilisoma volti 12.6, ambayo ndiyo betri iliyojaa. Betri ya gari ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti 2.1 kikiwa kimejaa na kutulia. Alinionyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa chumba chake, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 12.6 imejaa, 12.4 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, chini ya 11.9 imekwisha. Nimeinakili karatasi hiyo na ninaitumia hadi leo.

Kabla ya kuendelea aligusa ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi na ncha nyekundu juu ya plastiki ya betri, mahali ambapo hapana chuma chochote, na mita ikasoma zaidi ya volti mbili. Nilishangaa, kwa sababu plastiki haipaswi kuwa na umeme. Akapitisha kidole juu ya kifuniko, kikatoka na ukungu wa vumbi lililolowa. Upepo wa kusi, alisema, huleta mvuke wa chumvi kutoka baharini, nao ukichanganyika na vumbi na tindikali inayotoka kwenye matundu ya betri hutengeneza njia nyembamba ya umeme kutoka kichwa hiki hadi kile. Huko hupotea kidogo tu, na hapakuwa ndipo kwenye kosa letu, lakini hakutaka kukiacha. Mwanafunzi wake alileta maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi, akasugua kwa mswaki wa zamani hadi ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa ukachemka na kuisha, akiwa mwangalifu maji yasiingie kwenye vyumba, kisha akafuta na kupaka grisi. Mita ilipowekwa tena ikasoma sifuri. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunapaswa kuifanya kazi hii mara kwa mara, na sikumbuki kuona mtu akiifanya katika gereji nyingine mjini.

Sasa ninafika kwenye sehemu iliyonifanya niandike tathmini hii. Mzee alifungua mlango wa dereva, akachukua bisibisi na kuisukuma komeo ya mlango hadi ikajifunga yenyewe, ili gari lidhani mlango umefungwa ilhali uko wazi na yeye anaweza kufikia kisanduku cha fyuzi. Boneti nayo ilikuwa wazi, na ufunguo aliuchukua akaenda kuutundika kwenye mti mbali na gari. Kisha akaunganisha waya mfupi kati ya kichwa cha hasi na ule waya mweusi aliokuwa ameutoa jana, gari likapata umeme wake kwa njia hiyo. Baada ya hapo akahamisha ncha nyekundu ya mita hadi tundu la ampia 10, akaiunganisha mita sambamba na ule waya mfupi, na mwisho akautoa waya ule, ili umeme wote unaoingia garini upite ndani ya mita. Alinieleza kwamba ukiiunganisha mita moja kwa moja, mshtuko wa umeme wa mwanzo unaweza kuunguza fyuzi iliyo ndani yake, na kwamba mita ikiwa katika hali hiyo haifai kabisa kujaribu kuwasha gari, kwa sababu stata huvuta zaidi ya ampia mia moja.

Mita ilianza kwa kusoma ampia 2.7. Mimi nilidhani tumelipata kosa papo hapo, lakini mzee alivuta kiti cha plastiki akaketi. Gari la siku hizi, alisema, lina kompyuta kadhaa ambazo hazilali mara tu ukizima. Kila moja humaliza kazi yake kwanza, na nyingine huchukua nusu saa au zaidi. Anayepima katika dakika ya kwanza atalaumu kitu kisicho na kosa. Baada ya dakika chache namba ikaanguka hadi 1.1, ikakaa, kisha kama mtu aliyezima taa ya chumba cha mwisho ikaanguka hadi 0.41. Tulingoja. Mwanafunzi alitaka kufungua mlango wa nyuma kuchukua kitambaa, akazuiwa kwa ukali, kwa kuwa mlango mmoja ukifunguliwa kompyuta zote huamka na saa yetu huanza upya. Dakika 40 zikapita na namba ikabaki ile ile: 0.41.

Gari lililolala vizuri, kwa maelezo yake, huvuta kati ya ampia 0.02 na 0.05, kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya kompyuta na king'ora. Langu lilikuwa linavuta mara nane ya kiwango hicho cha juu. Akachukua daftari na kunifanyia hesabu ambayo iliumaliza utata wangu wote. Ampia 0.41 kwa saa 24 ni karibu ampia-saa 10 kwa siku. Betri yangu ni NS60, yenye uwezo wa ampia-saa 45. Usiku mmoja wa saa kumi huondoa nne tu, ambazo altaneta huzirudisha nikienda Gede na kurudi, na ndiyo maana Malindi sikuona dalili yoyote. Siku mbili huondoa 20, na stata husuasua. Siku nne huondoa 39, na hapo hakuna kilichobaki cha kuzungusha injini. Betri ingeweza kuwa mpya, ya zamani au ya bei ghali kuliko zote dukani. Hesabu ingekuwa ile ile.

Kumtafuta mnyonyaji kulichukua muda mfupi kuliko kungoja. Kwanza aliweka simu yangu ndani ya buti ikirekodi video, akaifunga, akasubiri kidogo na kuifungua, ili kuona kama taa ya buti huzimika kifuniko kikifungwa. Ilizimika. Buti ikiwa imefungwa tena ilitubidi tungoje namba irudi 0.41. Kisha, badala ya kuzing'oa fyuzi moja baada ya nyingine kama nilivyoona wengine wakifanya, aliiacha mita ya kwanza mahali pake, akaleta ya pili, akaiweka kwenye milivolti na kuanza kugusa vile vituo viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayopitisha, hata kidogo, huonyesha tofauti ndogo kati ya ncha zake mbili, kwa kuwa waya wake una ukinzani. Ubora wa njia hii ni kwamba haimwamshi yeyote: ukiing'oa fyuzi na kuirudisha, kompyuta iliyokuwa imelala huanza upya na kukuvuruga. Sifuri, sifuri, sifuri, akawa anazitaja kwa sauti na mwanafunzi akiandika, hadi fyuzi ya ampia 15 inayolisha redio na taa ya dari ikasoma milivolti 1.6. Hiyo peke yake ndiyo aliyoing'oa, na namba kwenye mita ya kwanza ikashuka kutoka 0.41 hadi 0.09.

Redio yangu ni ile ya kioo kikubwa, ya Android, niliyofungiwa mwaka jana na fundi wa redio ambaye naye simtaji. Mzee aliitoa kwenye dashibodi na kuniita niangalie nyuma. Redio hizi huja na waya wa njano, ambao unatakiwa kuwa na umeme wakati wote ili kutunza kumbukumbu, na waya mwekundu, ambao unatakiwa kupata umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Mwekundu ndio unaoiambia redio iamke na ilale. Hapa waya hizo mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa selotepu ya karatasi, ile ya kufungia bahasha, ambayo kwa joto la dashibodi ilikuwa imekauka na kuachia. Kwa hiyo redio haikuwa ikilala. Nilipobonyeza kitufe cha kuizima, kioo kiligeuka cheusi, lakini ndani ilibaki macho usiku na mchana, ikivuta ampia 0.32. Nilikuwa nimeipenda redio hiyo kwa sababu iliweza kupiga kaswida hata ufunguo ukiwa mkobani mwangu, na sikujua kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mwenye gari ambaye redio yake inawaka bila ufunguo aanzie hapo kabla ya kununua betri.

Alizitenganisha, waya mwekundu akaupeleka kwenye umeme unaofuata ufunguo, akaupa fyuzi yake ndogo, akaunga kwa risasi ya kulehemu na kufunika kwa mpira unaojibana ukipashwa moto. Kisha alirudia kipimo chote tangu mwanzo, pamoja na kungoja, jambo ambalo wengi wangeliruka kwa kuwa kosa lilikwisha kuonekana. Namba ikatulia kwenye 0.09.

Kiwango hicho kilikuwa bado juu kuliko alivyotaka, na aliendelea. Kilichobaki kilikuwa kifaa cha kufuatilia gari, ambacho kimeunganishwa kwenye betri yenyewe na ambacho chama kilichonikopesha fedha za kununulia gari kinadai kisiondolewe hadi nimalize deni. Kifaa hicho peke yake kilivuta 0.06, na gari lote lililobaki 0.03. Hapa ndipo nilipomheshimu zaidi, kwa sababu hakujaribu kukikata kwa siri wala kuniambia kwamba si kitu. Aliniandikia hesabu nyingine: ampia 0.09 ni ampia-saa 2 na kidogo kwa siku, yaani safari ya siku tano itaondoa 11 kati ya 45, na gari litawaka bila shida. Lakini nikikaa Amu zaidi ya siku kumi, nikiarifu chama changu kwanza, niondoe waya wa hasi kabla ya kupanda boti.

Kuhusu betri, nilitarajia aniambie kwamba imeharibika, kwa kuwa ilikuwa imelala mikononi mwangu mara mbili katika miezi mitatu. Alieleza kwamba madhara yapo: betri ikiachwa bila moto, salfeti ya risasi inayojikusanya kwenye bamba zake huganda ikawa ngumu na haiondoki yote hata ukichaji, na joto la pwani huharakisha uharibifu huo. Kisha akapima badala ya kukisia. Niligeuza ufunguo huku akitazama mita, na wakati stata inazungusha injini volti zikashuka hadi 10.3 na kurudi juu mara moja. Kama zingeshuka chini ya 9.6 hivi angependekeza mpya. “Hii bado ni ya kwako,” alisema, na hakuniuzia kitu, ingawa ndani ya chumba cha mabati nilikuwa nimeziona betri nne za kuuza.

Malipo yalikuwa shilingi 1,800, pamoja na waya, fyuzi na kazi ya siku mbili, na alipokea kwa M-Pesa. Nilipewa ukurasa wa daftari wenye tarehe na vipimo vyote kwa mpangilio, na ukurasa huo una thamani kwangu kuliko risiti yoyote ya duka, maana fundi mwingine akilifungua gari hili kesho ataanzia pale mzee alipoishia.

Yapo yanayohitaji kurekebishwa, na ni haki kuyataja. Gari lilipounganishwa tena lilipoteza saa, vituo vya redio, na kwa dakika kadhaa injini iliunguruma kwa kupanda na kushuka likiwa limesimama, hadi kompyuta ilipojifunza upya. Mzee alijua litatokea, kwa kuwa alicheka nilipoingiwa na hofu, lakini alipaswa kunieleza mapema. Hana paa, mvua za masika zikianza kazi ya kuachia boneti wazi kwa saa nzima haifanyiki, na mteja anaweza kurudishwa nyumbani. Hana mashine ya kusoma kompyuta za magari, na yeye mwenyewe alimwambia mteja aliyekuja na gari la Ulaya, lenye kihisi kwenye waya wa hasi wa betri, kwamba alipeleke Mombasa kwa wenye vifaa hivyo. Nililiona jibu hilo kuwa la uaminifu, lakini mwenye gari la namna hiyo ajue asipoteze safari. Dhamana ya kazi ni ya mdomo tu. Simu yake hupokelewa asubuhi na baada ya alasiri, na Ijumaa hufunga mapema.

Anayetaka kwenda kwake kwa tatizo kama langu apeleke gari jioni na awe tayari kuliacha, kwa sababu kipimo cha usiku hakiwezi kufupishwa. Asiguse kitu siku hiyo. Asibadilishe betri, asing'oe fyuzi, aje na gari kama linavyokufa. Na aje na majibu ya yale maswali matatu kuhusu usiku mmoja, siku mbili na siku nne.

Juma lililofuata nilisafiri. Nilikuwa nimenunua mita yangu ndogo kwa shilingi 900, na mwanafunzi wa mzee alikuwa amenifundisha kuisoma. Nililiacha gari Mokowe Jumatatu mchana, nikaondoka Amu Jumamosi kwa boti ya saa tano asubuhi. Kabla ya kufungua mlango nilipitisha mkono kwenye boneti niliyoiacha imeegeshwa bila kufungwa sawasawa, chini ya macho ya kijana wa gatini anayelinda magari, nikaweka zile ncha mbili kwenye vichwa vya betri. Mita ilisoma 12.41. Niliketi, nikageuza ufunguo, injini ikawaka mara moja, redio ikawaka nayo na ilipozimwa ikazimika kweli. Tulipakia mizigo ya kofia, na kabla ya magharibi nilikuwa nimevuka daraja la Sabaki, karibu kabisa na Malindi.